Sindano ya Kuzuia Jasho la Kwapa Katika Kliniki Moja ya Nyali: Mkono Hodari, Maelezo Haba

Kliniki ninayoieleza hapa iko upande wa Nyali, Mombasa, juu ya safu ya maduka. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa kasoro kubwa niliyoikuta kwake nimeiona pia katika matangazo ya wengine wanaotoa huduma hiyohiyo. Huduma yenyewe ni sindano ya sumu ya botulini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Botox na kuihusisha na makunyanzi ya uso, ila hapa inadungwa kwapani ili kuzuia jasho lililopita kiasi. Kwa maoni yangu kazi ya sindano ilifanywa kwa ustadi na matokeo yake yanaonekana, lakini maelezo ambayo mteja hupewa kabla ya kutoa pesa si sahihi, na upotofu huo unamgusa mteja mfukoni na pengine hata katika afya yake.

Naomba nitenganishe kwanza jasho na jasho. Mombasa hakuna asiyetokwa na jasho. Upepo wa kaskazi unapovuma, hasa Februari na Machi, mtu hushuka kwenye feri ya Likoni mgongo umelowa na hakuna anayemshangaa. Hilo ni jasho la kupoza mwili na halihitaji daktari. Ninalozungumzia ni jasho la kwapani linalotiririka saa moja asubuhi, mtu akiwa ameketi chini ya feni, hana homa na hana haraka, likalowesha shati mpaka ubavuni kabla siku haijaanza. Mimi nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, na kazi ya kuandika ubaoni humlazimu mtu kuinua mkono mbele ya macho ya wanafunzi arobaini wa kidato cha pili, ambao si watu wa kunyamazia jambo. Hali hii madaktari huiita haipahidrosisi, na inatibika.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza mapokezi. Nilipouliza dawa inafanyaje kazi, mhudumu alinijibu kwa uchangamfu: "Mwalimu, hii inaua tezi za jasho. Ukishachoma, basi, umepumzika." Kipeperushi kilichokuwa mezani kilisema jambo lilelile kwa maneno ya heshima zaidi, kwamba sindano "hukausha tezi." Kauli zote mbili si kweli. Tezi haifi, haikauki, na kwa hakika dawa yenyewe haiigusi tezi hata kidogo. Inachogusa ni ncha ya neva inayoiamrisha tezi, na hapo ndipo inafaa mteja aelezwe kwa kituo, kwa sababu kila swali la maana kuhusu huduma hii linategemea jambo hilo.

Tezi ya jasho haijiamulii kazi. Inasubiri ujumbe kutoka kwa neva za mfumo wa simpatetiki, yaani neva zinazoendesha moyo, mishipa ya damu na jasho bila hiari yetu, na ujumbe huo haufiki kwa umeme moja kwa moja bali kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ndani ya ncha ya neva kemikali hiyo hutengenezwa, kisha husukumwa ndani ya vifuko vidogo mno vinavyoihifadhi mpaka itakapohitajika. Mpwito wa umeme unapofika, kalisi huingia katika ncha hiyo, vifuko hujongea hadi kwenye utando wa nje, huungana nao na kumwaga kilichomo. Asetilikolini huvuka mwanya mwembamba, hushika vipokezi vya muskarini juu ya tezi, na tezi huanza kutoa jasho. Kwa hiyo kuna hatua ya kuhifadhi na kuna hatua ya kuachilia, na ziko dawa zinazovuruga ile ya kwanza na dawa zinazovuruga ya pili. Sumu ya botulini ni ya kundi la pili. Inapoingia katika ncha ya neva hukata protini iitwayo SNAP-25, ambayo bila hiyo vifuko haviwezi kuungana na utando. Ni kama bohari la bandarini lililosheheni mizigo huku lango lake limepigwa kufuli: hakuna kilichopungua ndani, ila hakuna kinachotoka.

Hali hiyo haidumu. Protini iliyokatwa hutengenezwa upya, neva nayo huchipuza matawi mapya, na ujumbe huanza kupita tena. Kwa wengi ukavu hudumu takriban nusu mwaka, wengine zaidi ya hapo na wengine chini yake, kisha jasho hurudi na sindano hurudiwa. Sasa mtu aliyeambiwa "ukishachoma, basi" amefanya hesabu gani? Nilipokuwa nikisubiri zamu yangu nilizungumza na dada mmoja aliyechukua mkopo wa chama chake cha akina mama ili alipie huduma hii akiamini kwamba ni ya mara moja katika maisha. Sikuona haya kumweleza, na yeye hakuona haya kurudi mapokezi na kuuliza upya. Huo ndio uzito wa neno "inaua" linapotumiwa kwa wepesi.

Inanishangaza kwamba mambo haya hayaelezwi, kwa sababu si siri wala si mageni. Mapema katika karne ya 19, Justinus Kerner, daktari wa Ujerumani ambaye pia alikuwa mshairi, alichunguza watu waliodhurika kwa kula soseji zilizoharibika, zenye sumu hiihii ya botulini, akaandika kwamba vinywa vyao vilikauka, macho hayakutoa machozi na ngozi haikutoa jasho. Alifikia hata kukisia kwamba sumu hiyo, ikitolewa kwa kiasi kidogo, ingeweza kuwa dawa. Baadaye, mwaka 1934, Henry Dale na Wilhelm Feldberg walionyesha kwa kuchunguza nyayo za paka kwamba neva za tezi za jasho huachilia asetilikolini, jambo la ajabu kidogo kwa kuwa neva nyingine nyingi za simpatetiki huachilia kemikali nyingine, noradrenalini. Miaka miwili baadaye Dale alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Otto Loewi kwa kazi yao juu ya upitishaji wa ujumbe wa neva kwa kemikali. Bila ajabu hiyo ya tezi za jasho, huenda dawa nyingi tunazozizungumzia zingekuwa na matokeo mengine kabisa.

Mfano mzuri ni reserpini, dawa iliyotokana na mizizi ya mmea wa Rauwolfia, ambayo kuanzia miaka ya 1950 ilitumiwa sana kutibu shinikizo la damu. Yenyewe huvuruga hatua ya kuhifadhi. Huziba pampu inayoingiza noradrenalini ndani ya vifuko, hivyo noradrenalini hubaki nje, huvunjwa na vimeng'enya, na ghala la neva likaisha polepole. Mtu angedhani kwamba dawa inayomaliza akiba ya neva za simpatetiki ingekausha na jasho pia. Lakini pampu inayojaza asetilikolini ni nyingine, na reserpini haiigusi. Badala ya kukauka, mgonjwa huzibwa pua na asidi ya tumbo huweza kumzidi, kwa kuwa neva za parasimpatetiki, zinazofanya kazi kinyume na zile za simpatetiki, zimeachiwa uwanja. Kwa hiyo mtu anapokuuzia kitu "cha kutuliza neva" kwa ajili ya jasho, muulize ni neva ipi na ni hatua ipi.

Nirudi kwenye huduma. Daktari wa ngozi aliyenihudumia ni mama wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi, na ndiye aliyeiokoa sifa ya kliniki hii. Kabla ya yote aliniuliza kama natokwa na jasho usiku, kama nimepungua uzito, kama moyo huenda mbio, kwa sababu jasho linaloanza ghafla ukubwani laweza kuwa dalili ya kifua kikuu au ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Maswali hayo yalipaswa kuwa kwenye fomu, lakini hayakuwamo. Fomu iliuliza juu ya ujauzito na magonjwa ya kulegea misuli, kama mayasthenia gravisi, na hapo ilifanya vyema, maana kwa watu hao sindano hii ina hatari. Haikuuliza juu ya dawa za antibayotiki. Gentamisini, ambayo hospitali zetu huidunga mara kwa mara, nayo hupunguza kuachiliwa kwa asetilikolini katika ncha za neva kwa kuzuia kalisi isiingie, na mtu akiwa nayo mwilini siku anayodungwa botulini huwa na dawa mbili zinazovuta upande mmoja. Wala haikuuliza juu ya dawa za sonona na tramadoli, dawa ya maumivu, ambazo zenyewe huweza kumtoa mtu jasho jingi. Mgonjwa wa namna hiyo huenda akahitaji kubadilishiwa dawa na daktari wake kuliko kudungwa sindano kwapani.

Fomu hiyo ina kisanduku kinachouliza, "Je, unatumia dawa za kulevya?" Yeyote anayeujua mji huu atajua jibu. Mzee anayekula miraa kila jioni barazani ataweka alama ya "la" kwa dhamiri safi kabisa, kwa sababu kwake miraa ni miraa. Kathinoni iliyomo katika majani na vijiti hivyo huisukuma noradrenalini itoke katika ncha za neva, ndiyo maana moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na kinywa hukauka mpaka mtu akatafuta maji au soda. Vichangamshi vya aina hiyo huweza kuongeza jasho vilevile. Swali lenye manufaa Mombasa ni "Je, unakula miraa au muguka, na mara ngapi?" Nilimshauri mhudumu waliandike hivyo, akacheka, akasema atamwambia meneja.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni jaribio la iodini na wanga. Niliagizwa ninyoe makwapa mapema, nisipake chochote siku hiyo, na nikae kwa utulivu kama nusu saa bila chai ya moto. Kisha muuguzi alipaka maji ya iodini, yakaniacha na rangi ya kahawia kama ya chai ya rangi iliyokolea, akasubiri yakauke, akanyunyizia unga laini wa wanga wa mahindi. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Halafu nukta ndogo za rangi ya buluu iliyokaribia weusi zilianza kujitokeza, moja hapa, nyingine pale, kila nukta ikiwa mdomo wa kitundu cha jasho, zikapanuka na kukutana mpaka sehemu nzima ikawa na ramani yenye mipaka. Nimefundisha jaribio la wanga na iodini kwa miaka mingi kwa kutumia majani na mihogo, na sikuwahi kuona wanafunzi wangu wakilitazama kwa makini kama nilivyolitazama hilo kwenye kioo cha chumba cha matibabu. Daktari alichora mpaka kwa kalamu, kisha akaweka alama kwa mistari iliyopishana, kila alama ikiwa umbali wa kati ya sentimita moja na mbili kutoka kwa mwenzake. Alipodunga, alidunga pembeni ya alama, si juu yake, ili wino usiingie ngozini ukabaki kama chale. Hayo ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayoonyesha mtu amefunzwa.

Dawa ilitolewa kwenye friji mbele yangu na kichupa kikafunguliwa mbele yangu. Hilo nililiomba mwenyewe, na naona kila mteja aliombe. Kichupa cha Botox cha yuniti 100 hutosha makwapa mawili, yuniti 50 kila upande, na huja kikiwa na unga mkavu unaopaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kuchanganywa na maji ya chumvi. Yuniti za chapa moja hazilingani na za chapa nyingine, kwa hiyo kulinganisha bei kwa kuuliza tu "yuniti ngapi" bila kuuliza "za nini" ni kujidanganya. Kwa mji ambao stima hukatika bila hodi, niliuliza pia kuhusu jenereta, nikaonyeshwa. Kuhusu maumivu, kwapani yanavumilika. Barafu iliwekwa kwanza na sindano zilikuwa nyembamba, zikiingia ndani ya ngozi tu wala si kwenye msuli. Viganja ni habari nyingine. Huko maumivu ni makali na mkono waweza kulegea kwa muda iwapo dawa itafikia misuli midogo, na mwenye kazi ya kushona, kuchora piko au kushika chaki angefanya vizuri kujaribu kwanza mashine ya maji na umeme mdogo, ambayo kliniki hiyo inayo ingawa hawaitangazi.

Kliniki ilipaswa pia kuniambia juu ya njia za bei nafuu, na hilo halikufanyika mapokezi. Dawa ya kupaka yenye aluminiamu kloridi ya asilimia 20 haigusi neva kamwe. Huziba vitundu vya jasho, hupakwa usiku kwenye ngozi iliyokauka, na kwa watu wengi ndiyo ya kuanza nayo, ingawa huwasha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitumia na ngozi haikuivumilia, lakini hakuna aliyeniuliza mpaka nilipofika kwa daktari. Ziko pia tembe, kama oksibutinini na glikopironiamu, ambazo haziingilii kuhifadhi wala kuachilia. Asetilikolini hutoka kama kawaida, ila vipokezi vya kwenye tezi vimekwisha kukaliwa. Tatizo ni kwamba hukaliwa mwili mzima. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, macho hupoteza uwezo wa kuona vizuri karibu, na wazee wa kiume hushindwa kukojoa. Wenyeji wa Pwani wanaoujua mnanaha watatambua sura hiyo mara moja, kwa kuwa mmea huo una atropini na jamaa zake, kemikali zinazokalia vipokezi vilevile, na mtu aliyedhurika nao huwa mwekundu, mkavu na mwenye joto kali. Katika joto la Mombasa, kumkausha mtu ngozi yote ni kumnyima njia yake ya kupoa, na hapo ndipo sindano ya kwapani inapozishinda tembe: huziba neva za eneo dogo na kuuacha mwili uliobaki utoe jasho lake.

Kipeperushi kinataja pia kudunga tezi za mate kwa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaotokwa na udenda usiokoma. Msingi wake ni uleule, kwa sababu tezi za mate nazo hupokea asetilikolini kutoka kwa neva, na tiba hiyo inatambulika. Lakini kuiweka kwenye karatasi moja na makunyanzi, kama bidhaa ya pembeni, kumenikera. Dawa ikisambaa hadi kwenye misuli ya koo, mtoto hupata shida ya kumeza, na kazi hiyo hufanywa vyema kwa kuongozwa na mashine ya picha za mawimbi ya sauti, chini ya daktari anayejua watoto. Mzazi asikubali kirahisi.

Bei ilizidi kodi ya miezi miwili ya nyumba yangu ya Kisauni, bima haikuhusika, na malipo yalitakiwa yote kwa M-Pesa kabla ya kuingia. Wahudumu ni wakunjufu, choo ni safi, na kusubiri hakukuzidi kiasi. Jasho lilianza kupungua ndani ya wiki ya kwanza na kufikia wiki ya pili nilikuwa nikivaa shati la kijivu, rangi ambayo sikuwa nimeivaa kazini tangu nianze kufundisha.

Palibaki kipande kimoja, upande wa kushoto, chini karibu na ubavu, kilichoendelea kulowa. Nilipopiga simu, mhudumu alinipa pole na kusema, "Dawa imekukataa kidogo, mwalimu." Daktari alirudia jaribio la iodini, ramani ikatokea tena, safari hii ikiwa kisiwa kidogo cheusi nje kabisa ya mpaka uliochorwa mara ya kwanza. Dawa haikunikataa, haikufika, kwa sababu kila tone husambaa umbali mdogo tu na kuzifunga neva zilizo karibu yake. Aliongeza sindano chache na kipande kile kikakauka kama wenzake. Kisha nikapewa ankara ya ziara mpya kwa bei kamili ya kumwona daktari. Nilibisha kwa adabu, nikaonyesha mpaka wa kwanza kwenye picha ambayo muuguzi mwenyewe alikuwa ameipiga, wakaniondolea nusu. Atakayekwenda baada yangu aombe, kabla ya kubonyeza namba ya siri, iandikwe kwenye risiti kwamba jaribio la pili la iodini na kujaziwa sehemu iliyorukwa vimo ndani ya bei ya kwanza, na pia chapa ya dawa, idadi ya yuniti na tarehe ya kuisha muda wake. Nilipoomba hivyo kwa ajili ya zamu yangu ijayo, meneja aliandika yote bila kinyongo.